Jinsi ya kuweka mkia wa rangi kwa mpira kwenye video za mechi za mtaa

Kama unarekodi mechi na simu pale Camp Toyoyo ama Ziwani wakati wa Koth Biro, ile shindano ya soka ya mtaa Nairobi, na unataka ule mkia wa rangi unaofuata mpira kama kwa TV, jua kazi kubwa iko uwanjani, laptopu inakuja baadaye. Tafuta mahali pa juu ili nyuma ya mpira ionekane nyasi ama udongo, sio mashabiki na jaketi zao. Simu ikae kwa stendi isitikisike kabisa, fremu 60 kwa sekunde, fokasi na mwanga vifungwe, na kama inakuruhusu kuchagua spidi ya shata (muda kila picha inachukua mwanga) weka 1/500 ya sekunde ama haraka zaidi, kwa sababu mtu akipiga shuti na shata iko pole mpira unatoka kama utepe wa ukungu na hakuna programu itajua katikati yake ni wapi.

Rangi nayo usipuuze. Mpira mweupe unachanganyikana na mistari na soksi, orenji inapotelea kwa udongo mwekundu. Njano kali ndio poa, bora hakuna timu imevaa njano.

Sasa laptopu: Python (lugha ya kuandika programu) na OpenCV (maktaba yake ya kuchambua picha), zote bure. Geuza kila fremu iwe HSV, mfumo unaotenganisha rangi yenyewe na mwangaza wake, anza na hue (namba ya rangi) 25 hadi 40, ndio njano (OpenCV inahesabu mpaka 179, sio 360), halafu findContours, amri ya OpenCV ya kutafuta maumbo, ikuletee madoa ya rangi hiyo, chagua lile la mviringo lenye saizi ya mpira. Doa likiruka kutoka goli moja hadi lingine kwa fremu moja, hilo sio mpira, litupe. Mpira ukifichwa na miguu ya watu, kichujio cha Kalman, hesabu inayotumia mwendo wake wa awali, kinakisia umeelekea wapi. Weka kumbukumbu ya pointi 15 za mwisho mpira ulikopita, ziunganishe na mstari, mkia ndio huo.

Ila tafadhali usizidishe. 1996 Fox, kituo cha TV cha Marekani, waliweka taa za infraredi ndani ya kidude cha hoki ya barafu, kwa TV kikang'aa bluu na kikipita maili 70 kwa saa kinaacha mkia mwekundu, mashabiki wengi wakalalamika sana na 1998 ikaachwa. Mkia wako uwe mwembamba, utokee kwa shuti na pasi ndefu pekee.

Na usiutumie mkia huu kuamua ofsaidi. Kombe la Dunia Qatar 2022 walikuwa na kamera 12 za kufuatilia na sensa ndani ya mpira ikituma data mara 500 kwa sekunde, simu moja haifiki hapo.