SOMO: Kipilefti, na hasa namna ya kutoka

Naandika mara moja, kisha kila atakayeniuliza nitamtumia hili. Nafundisha udereva hapa Arusha, na hata wenye leseni za miaka kumi wananijia na swali lilelile: pale Mnara wa Saa nani anapita kwanza?

1. Punguza mwendo kabla hujafika.

2. Chagua leni mapema. Unakata kushoto au unanyoosha, kaa kushoto. Unakwenda kulia au unageuza, kaa kulia.

3. Mpishe aliye kulia kwako, maana huyo tayari yumo ndani. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo magari yanazunguka kama mishale ya saa na yanakujia kutoka kulia. Ukubwa wa gari haubadilishi kitu.

4. Indiketa ya kuingilia: kushoto, washa ya kushoto. Kulia, ya kulia. Kunyoosha, usiwashe kwanza.

5. Kutoka. Hapa niliwahi kuharibu. Nilikuwa leni ya ndani, indiketa ya kulia inawaka, nilipofika njia yangu nikakata kushoto vilevile. Ubavuni kulikuwa na bodaboda. Kwa taa niliyowasha, aliamini naendelea kuzunguka. Alianguka, na abiria wake akachubuka mkono vibaya. Kosa lilikuwa langu lote. Kwa hiyo ukishapita mdomo wa njia iliyo kabla ya yako, washa ya kushoto, hata kama unanyoosha. Angalia kioo cha kushoto, kisha geuza shingo, kwa sababu pikipiki hukaa pale kioo kisipofika. Kuna mtu? Usitoke, zunguka tena. Usisimame ghafla ndani, na usirudi rivasi kwa sababu umepitiliza njia yako. Narudia: zunguka tena.

MASWALI

– Mwalimu, mimi nikitaka kwenda kulia nakaa wapi?
Hatua ya 2.

– Daladala hawafuati hayo. Nikisubiri si nitalala pale?
Hulali. Akichomekea mwache apite, kuwa na haki hakunyooshi bodi. Ukipata nafasi ingia bila kusitasita. Nafasi ni pale aliye kulia hatalazimika kushika breki kwa ajili yako.

– Trafiki akiwepo je?
Fuata mkono wake, hata ukipingana na niliyoandika.

– Shikamoo mwalimu. Kwa nini lori refu linatanuka kulia wakati linatoka kushoto? Nilikuwa nyuma ya moja pale Mnara wa Azimio nikadhani dereva kalewa.
Marahaba mwanangu, umeangalia vizuri. Tela halipiti palepale kilipopita kichwa. Magurudumu ya nyuma hukata kwa ndani zaidi, na dereva asipotanuka yatapanda ukingo walikosimama watu. Ule uwazi unaobaki kushoto kwake unavutia, na wengi huingia. Usiingie kamwe, utafungika kati ya tela na ukingo. Kaa nyuma mahali unapoviona vioo vyake. Usipoviona, naye hakuoni.

– Asante sana. Na indiketa yangu ya kushoto inapepesa harakaharaka kuliko ya kulia, ni kawaida?
Hapana. Mara nyingi balbu moja ya upande huo imeungua. Simama pembeni, washa hazadi, lizunguke gari uone ipi haiwaki. Badilisha leo, maana ndiyo ileile ya hatua ya 5.