Mlima Meru kutoka Arusha: hatua kwa hatua hadi kileleni

Kilele cha Meru kiko kama mita 4,560, na geti la Momella la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, pa kuanzia safari, liko kama mita 1,500. Wengi wanaorudi bila kufika juu hawaangushwi na miguu. Wanaangushwa na baridi, maji na saa za usiku wa kilele.

Hatua ya 1: Siku na malipo

Panda kati ya Juni na Oktoba, au Desemba mwishoni hadi Februari. Masika ni tope njiani na ukungu juu. Chukua siku nne. Safari ya siku tatu ni nafuu na inauzwa sana, lakini baada ya kilele utateremka zaidi ya mita 3,000 siku hiyohiyo hadi getini, na magoti ndiyo yatakayolipa. Ada za hifadhi usizitegemee kulipa kwa pesa taslimu, zishughulikie mapema. Mtanzania asiache kitambulisho cha Taifa nyumbani.

Hatua ya 2: Mzigo

Buti ulizokwisha kuzivaa wiki kadhaa, jaketi la mvua, sweta nzito, glavu za tabaka mbili, kofia ya kufunika masikio, taa ya kichwa na betri za akiba, begi la kulalia la baridi kali. Vingi vinakodishwa Arusha, na mitumbani utapata jaketi zuri ukichagua kwa subira. Fulana ya pamba na jinzi viache kabisa: pamba ikishalowa jasho haikauki, na ukisimama dakika tano tu inakugandisha.

Hatua ya 3: Momella hadi kambi ya Miriakamba (mita 2,514)

Askari wa hifadhi mwenye bunduki ni lazima, kwa sababu ya nyati na tembo. Kaa nyuma yake, usichepuke hata kwenda haja bila kumwambia. Omba njia ndefu inayopita kwenye mkuyu mkubwa uliofanya tao juu ya njia. Ni ya taratibu na mwili unazoea. Ile fupi ya mwinuko iache kwa kushukia.

Hatua ya 4: Miriakamba hadi kambi ya Saddle (mita 3,570)

Ngazi ni nyingi, hatua fupifupi, pumzika mahali paitwapo Mgongo wa Tembo. Ukifika kambini, kunywa chai, kisha panda Meru Ndogo (mita 3,820) alasiri hiyo na urudi. Usiiruke kwa kisingizio cha kutunza nguvu. Kupanda juu zaidi na kushuka kulala chini ndiko kunakoupa mwili nafasi ya kuzoea hewa nyepesi.

Hatua ya 5: Usiku wa kilele

Kula saa kumi na mbili jioni, lala. Kabla ya kulala, maliza jambo moja ambalo vikundi vingi hulisahau: mwenzenu mmoja akishindwa njiani, nani atamrudisha? Mkiwa na askari mmoja na kiongozi mmoja, elewaneni nao mapema, la sivyo mtajikuta mnabishana gizani kwenye ukingo wa kreta.

Ondokeni saa saba usiku. Anza ukihisi baridi kidogo. Ukianza umevaa kila kitu, utaloa jasho ndani ya nusu saa. Jaketi nene liwe juu kabisa ndani ya begi.

Maji lita tatu, kwenye chupa. Mifuko ya maji yenye mrija inapendwa sana, lakini juu ya Rhino Point, kituo kilicho njiani kati ya Saddle na kilele, mrija hushika barafu na utabaki na maji mgongoni usiyoweza kuyanywa. Ukilazimika kuutumia, baada ya kila funda puliza hewa maji yarudi mfukoni. Chupa nazo zipakie kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu, kifuniko kitabaki huru. Simu na betri za akiba ziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Baada ya Rhino Point njia inashuka kidogo kisha inafuata ukingo: miamba, majivu, changarawe, na upande mmoja ni shimo la kreta. Kwenye mwamba kunja fimbo za kutembelea, kama unazo, utumie mikono. Vilele vya uongo ni vingi, kwa hiyo fuata saa. Cobra Point (mita 4,350) ifikiwe kabla ya mapambazuko. Ikigonga saa mbili asubuhi na bado hujafika hapo, geuka. Mawingu huja kabla ya adhuhuri, na bado una safari ya kushuka hadi Miriakamba siku hiyo.

Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Anayetapika mfululizo, anayepepesuka kama mlevi au anayejibu mambo yasiyoeleweka ashushwe papo hapo, usiku ule ule. Asiachwe akae "apumzike kwanza", na asishuke peke yake.

Hatua ya 6: Kushuka

Kucha za miguu zikatwe kabla ya safari. Kileleni fungua kamba za buti na uzikaze upya kwenye kifundo, vidole visigonge mbele. Kwenye majivu tanguliza kisigino. Saddle pumzika saa moja, kula kitu cha moto, kisha endelea hadi Miriakamba mkalale. Askari atawapeleka getini asubuhi kwa ile njia fupi.