Geji za dashibodi zinaruka? Anza na ethi kabla ya kununua nyingine

Gari inayolala karibu na bahari, iwe Nungwi, Makunduchi au Mkoani, hupata chumvi kila siku. Masika ikiingia, unyevu huishusha chumvi hiyo hadi kwenye soketi za nyuma ya dashibodi. Hapo ndipo geji ya mafuta inapoanza kuruka na taa kufifia. Wengi hukimbilia kuagiza dashibodi iliyotumika kutoka Dar. Nakuomba usitoe pesa kwanza. Kwenye gari kongwe geji yenyewe hufa kwa nadra. Mara nyingi kinachoharibika ni pale chuma kinapogusana na chuma.

Hatua ya 1: Tazama dalili. Fungua ufunguo, washa taa kubwa, kisha indiketa. Mishale yote ikicheza pamoja na indiketa, tuhumu ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari. Mafuta na joto zikikosea kwa pamoja, tuhumu umeme unaozilisha zote mbili. Ikikosea moja peke yake, basi ni waya wake au sensa yake.

Hatua ya 2: Pima ethi ikiwa kazini. Hapa usiwe na haraka. Mafundi wengi hupima omu (ukinzani wa waya) kwa multimita, ile mita ya kupimia umeme, wakaona sifuri, wakasema ethi ni nzima. Waya uliobakiwa na uzi mmoja nao husoma karibu na sifuri, kwa sababu multimita hupitisha umeme kidogo mno. Ukiwasha taa, uzi ule hauwezi kubeba mzigo.

Kwa hiyo pima volti. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu kwenye waya wa ethi wa geji, ukiuchokoa kwa nyuma ya soketi bila kuichomoa. Kwenye Toyota nyingi waya huo ni mweupe wenye mstari mweusi. Ufunguo uwe wazi na taa zote zimewaka. Chini ya volti 0.1 ni salama. Ukiona 0.2 au zaidi, kuna kizuizi njiani. Sogeza ncha nyekundu hadi kwenye bodi tupu ya gari: volti zikibaki zilezile, ubovu uko kwenye kebo ya betri kwenda bodi. Zikipotea, tafuta boliti ya ethi chini ya dashibodi, nyuma ya plastiki ya pembeni mwa miguu. Ifungue kwa spana namba 10, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake.

Hatua ya 3: Toa kisanduku cha geji. Chomoa hasi ya betri. Kama gari ina eabegi (mfuko wa hewa wa ajali), subiri angalau sekunde 90, na soketi za manjano usiziguse kabisa. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Kebo ya spidomita ina klipu. Ibonyeze, usiivute kwa nguvu.

Hatua ya 4: Safisha. Nyuma utaona karatasi ya plastiki yenye njia za shaba. Kutu ya kijani kwenye shaba hutoka kwa raba ya kufutia penseli, halafu spiriti na brashi laini. Msasa usiutumie: unaweza kuondoa tabaka jembamba la bati lililofunika shaba, na kutu itarudi upesi. Petroli nayo hula plastiki.

Kisha kaza nati na skrubu zilizoshika geji. Si za kushikia tu, umeme hupita humo, na ikilegea moja geji hurukaruka barabara ikiwa mbovu. Njia ya shaba ikiwa imekatika, usichomelee risasi katikati ya plastiki, itayeyuka. Funga waya mwembamba kutoka skrubu hadi skrubu.

Hatua ya 5: Geji moja bado inagoma? Rudisha kisanduku na betri. Kwa geji ya mafuta, chomoa soketi ya juu ya tangi, kisha unganisha waya wa geji na ethi kupitia balbu ndogo ya wati 3.4. Fungua milango, na moto usiwe karibu, kisha fungua ufunguo. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 mshale utapanda kuelekea kujaa. Ukipanda, geji na waya ni vizima. Ubovu uko kwenye boya la tangi, ambalo kwenye Toyota hizo husoma takriban omu 3 likijaa na 110 likiwa tupu.

Hatua ya 6: Taa ya betri. Kabla ya kufunga plastiki, fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya betri lazima iwake. Kwenye gari nyingi za zamani balbu hiyo ndiyo inayoiamsha altaneta (mashine inayochaji betri), na ikiungua altaneta inaweza isichaji. Taa isipowaka, zungusha kishikio cha balbu robo mzunguko, kitoe, safisha miguu yake au weka balbu nyingine. Injini ikishawaka, pima betri: volti 13.8 hadi 14.4 ndizo unazozitaka.