Somo: Ghala moja la pakeji (programu zilizofungashwa) za Debian, mfumo wa Linux, kwa mashine za prosesa tofauti

Wakuu, mwezi huu nimeulizwa mara nne: "Pakeji ipo kwenye seva, mbona kompyuta ndogo ya Raspberry Pi haiioni?" Naandika hapa mara moja, anayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Kwenye kila mashine andika dpkg --print-architecture, nakili jibu. Usitegemee uname -m, hiyo inataja kerneli, yaani kiini cha mfumo. Zipo Pi zenye kerneli ya biti 64 na programu za biti 32.

2. Faili zote za .deb (ndizo pakeji zenyewe) ziweke kwenye folda moja, pool.

3. Tengeneza folda dists/bookworm/main/ (bookworm ni jina la toleo la Debian) na ndani yake binary-amd64 (kompyuta za kawaida za biti 64), binary-arm64 (ARM ya biti 64), binary-armhf (ARM ya biti 32).

4. Kila aina ya prosesa ipate orodha yake. Ukiwa kwenye folda kuu ya ghala:

dpkg-scanpackages --arch arm64 pool > dists/bookworm/main/binary-arm64/Packages

Rudia kwa amd64 na armhf. Hapa ndipo nilipoharibu. Niliiendesha mara moja tu, bila --arch, nikanakili orodha ile ile kote. Pakeji zenye jina moja na toleo moja, ilichukua moja ikaacha nyingine. Onyo lilitokea kwenye skrini, sikulisoma. Kompyuta za mezani zikasasishwa, Pi za maabara zikabaki nyuma wiki tatu huku nikibadilisha nyaya za mtandao bure. Angalizo: --arch inatazama mwisho wa jina la faili, yaani _arm64.deb na _all.deb (pakeji ya prosesa yoyote). Ukibadilisha jina, pakeji inapotea kwenye orodha. Na ukiiendesha ukiwa ndani ya pool, njia za faili zitaandikwa vibaya, apt (programu inayosakinisha pakeji) haitazipata.

5. Tengeneza faili la Release (muhtasari wa orodha zote) kwa apt-ftparchive, taja prosesa zote tatu kwenye mstari wa Architectures, kisha weka sahihi ya kidijitali kwa gpg.

6. Kwenye kila mashine: apt update.

MASWALI

— Mkuu haifanyi kazi, msaada.
Hatua ya ngapi? dpkg imejibu nini?
— Inasema aarch64.
Hilo ni jibu la uname. Soma hatua ya 1.

— Shikamoo kaka. Pakeji za _all nizinakili mara tatu?
Marahaba. Hapana, faili ni moja ndani ya pool, ila linatajwa kwenye orodha zote tatu. Fonti na skripti nyingi za Python ziko hivyo. Umeuliza vizuri, maana hapo ndipo faida ya pool moja inapoonekana: diski haijai nakala.

— Pi Zero ya kwanza ni armhf, pakeji imeingia, lakini programu inakufa na "Illegal instruction" (prosesa haielewi amri).
Hili linastahili somo lake. armhf ya Debian inahitaji prosesa ya kizazi cha ARMv7. Zero ya kwanza na Pi 1 ni ARMv6, kizazi cha nyuma. Raspberry Pi OS (mfumo rasmi wa Pi) ya biti 32 imejengwa kwa ARMv6 lakini inatumia jina hilo hilo la armhf, kwa hiyo dpkg haiwezi kutofautisha. Zitengee ghala lao, usichanganye kamwe.

— Kwa nini usitumie reprepro tu?
Ni programu ya kusimamia ghala; kwa ghala kubwa itumie, inapanga pool na orodha yenyewe. Pia inakataa faili lenye toleo lile lile na maudhui tofauti. Ikikukatalia usilazimishe, pandisha namba ya toleo ujenge upya.

— Hiyo namba naipandisha wapi?
Kwenye faili debian/changelog, ndani ya msimbo wa pakeji. Tumia dch -i.