Ukivunja kitu nyumba ya kupanga, sema siku hiyo hiyo

Umedondosha sufuria, sinki limepasuka? Usingoje siku ya kuhama. Piga picha, mtumie mwenye nyumba ujumbe wa maandishi, mkubaliane nani analeta fundi na kwa bei gani. Mimi nilinyamazia kioo cha dirisha. Nilipohama nikakatwa kwenye dipoziti zaidi ya bei ya kioo, na sikuwa na risiti ya kujitetea.

Ulichovunja wewe, mwanao au mgeni wako, hata kwa bahati mbaya, kwa kawaida ni juu yako. Rangi iliyopauka kwa jua au bomba lililoliwa na kutu, hapana. Kwa hiyo siku ya kuingia, kabla hujashusha hata godoro, zunguka vyumba vyote ukirekodi video: nyufa, vitasa, swichi, choo.