Uyoga ukirefuka shingo: ni virusi, au banda halipumui?

Asubuhi unaingia bandani, unashika kishada cha uyoga mamama: mashina marefu kama njiti za kiberiti, kofia ndogo kama vifungo vya shati. Jirani atakwambia papo hapo kuwa ni virusi. Subiri kwanza. Uyoga uliokosa hewa huwa hivyohivyo. Fungua madirisha, punguza msongamano wa mifuko ya kupandia, ungoje mchumo unaofuata. Ukirudi vilevile, tena kwenye mifuko iliyopandwa kwa chupa moja ya mbegu huku ya pembeni ikizaa vizuri, sasa itilie shaka mbegu.

Maana uyoga nao huugua virusi. Mwaka 1948, huko Pennsylvania, Marekani, shamba la ndugu wa ukoo wa La France lilianza kutoa uyoga wa shina refu lenye majimaji, unaofunguka kofia kabla ya wakati, na mavuno yakaporomoka. Ugonjwa ukabaki na jina lao. Mwaka 1962 watafiti wa Uingereza wakaona chembe za virusi ndani ya uyoga mgonjwa. Ule haukuwa mamama, lakini mamama pia una virusi vyake. Korea Kusini vimeshapatikana.

Virusi hivi hukaa ndani ya ule utando mweupe wa nyuzi unaotanda mfukoni kabla ya uyoga kuchomoza. Huhama pale nyuzi za utando mmoja zinapogusana na za mwingine zikaungana, au husafiri ndani ya spora, lile vumbi jepesi la uyoga uliopevuka.

Kuna mahali tabia hiyo imekuwa neema. Kuvu (jamii ambayo uyoga nao umo) iliyoangamiza miti ya chestinati, miti ya kokwa za kuliwa, huko Marekani ilionekana pia karibu na Genoa, Italia, mwaka 1938. Miaka ya 1950 baadhi ya miti ya Italia ikaanza kupona vidonda yenyewe: kuvu ilikuwa imepata virusi, ikalegea. Mfaransa Jean Grente akaanza kupandikiza kuvu legevu kuzunguka vidonda. Nyuzi zikaungana, na ile kali ikalegea pia. Marekani mbinu hiyo haikufua dafu msituni, kwani aina za kuvu huko ni nyingi na nyuzi zake hukataana.

Bandani kwako kuvu ndiyo mazao, na dawa ya kuitibu hakuna. Kwa hiyo acha ule ujanja wa kumega utando wa mfuko wa zamani ili kupandia mpya. Najua mbegu ni ghali, lakini hapo unapanda na ugonjwa. Chuma kabla kingo za kofia hazijanyooka, spora zisijae bandani (na kifua chako kitashukuru). Mifuko iliyochoka usiitupe mlangoni. Ichemshe kwenye pipa, au ipeleke mbali na banda, kisha safisha chaga na sakafu kabla ya kuingiza mipya.

Na kila mfuko uandike kwa kalamu ya wino mzito: tarehe ya kupanda na namba ya chupa ya mbegu. Bila hayo, ukimpigia aliyekuuzia mbegu huna cha kumwonyesha.