Jinsi ya kufuatilia miswada ya bunge la Texas bila kutegemea fowadi za WhatsApp

Bunge likikaa tu, grupu zetu za WhatsApp huku Texas zinawaka moto. Mara wageni wamekatazwa kununua nyumba, mara gavana ashaweka saini, tuma kwa watu 10 haraka. Ukiuliza mswada namba ngapi, kimya. Juzi nimemsaidia mama mmoja wa hapa Houston aliyekuwa karibu kuacha kununua nyumba kwa sababu ya fowadi iliyodai mswada wa SB 17 unawakataza wageni kununua nyumba, na hatua nilizompitisha ndizo hizi. Unahitaji kompyuta na imeili, basi. Kwa simu inawezekana lakini saiti ya bunge kwenye skrini ndogo ni mateso, mimi sishauri.

Hatua ya 1: Pata namba

HB ni mswada ulioanzia Baraza la Wawakilishi (wabunge 150), SB ulianzia Seneti (maseneta 31). Ukiwa na namba ingia capitol.texas.gov. Kama huna, kuna sehemu ya kutafuta kwa maneno au kwa mada, ila kusema ukweli ni rahisi zaidi kumrudia aliyefowadi na kumwambia alete namba. Mwaka 2025 miswada iliyowasilishwa ilikuwa zaidi ya 8,000, sasa wewe andika "school" uone utakavyokesha.

Hatua ya 2: Hakikisha ni kikao gani (hapa ndipo masaa hupotelea, soma polepole)

Bunge la Texas halikai kila mwaka. Linakaa miaka ya witiri, yaani 2023, 2025, 2027, linaanza Jumanne ya pili ya Januari, linakaa siku 140 halafu wabunge wanarudi kwao. Lile la 2025 ni Bunge la 89, lilianza Januari 14 likaisha Juni 2. Mpaka hapo hakuna shida.

Shida ni kwamba gavana ana uwezo wa kuwaita tena kwa kikao maalum, kila kimoja kisichozidi siku 30, na anaweza kuwaita mara ngapi anavyotaka, na kila wakiitwa namba za miswada zinaanza upya kutoka 1. Upya kabisa! Mwaka 2025 waliitwa mara 2, kwa hivyo ndani ya mwaka mmoja kuna HB 4 tatu. HB 4 ya kikao cha kawaida ilihusu STAAR, ile mitihani ya jimbo wanayofanya watoto wetu shuleni, na haikufika mwisho. HB 4 ya kikao maalum cha kwanza ilikuwa ya kuchora upya mipaka ya majimbo ya uchaguzi wa Congress, nayo ikafa baada ya wabunge wa Democrat kuondoka Texas ili akidi isitimie. HB 4 ya kikao maalum cha pili ni hiyo hiyo mipaka, na hii ndiyo iliyopita, gavana Abbott akaisaini mwezi wa Agosti. Na ile habari ya STAAR? Ilirudi kikao maalum cha pili ikiwa HB 8, ikapita. Sasa mtu akikuandikia "HB 4 imekufa" na mwingine "HB 4 imepita", wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli na mkagombana bure jioni nzima.

Kwa hivyo kabla hujasoma chochote angalia kile kisanduku cha kuchagua kikao. 89(R) ni cha kawaida, 89(1) ni maalum cha kwanza, 89(2) maalum cha pili. Usiamini kile ambacho saiti imekuchagulia yenyewe, mara nyingi inakupa kikao cha karibuni tu. Na mtu akikutumia linki, iangalie kabla hujaibonyeza, ndani yake kuna neno LegSess, kama mbele yake pameandikwa 89R ni kikao cha kawaida, 891 na 892 ni hivyo vya maalum. Hiyo linki pia ndiyo njia nzuri ya kumsahihisha mtu kwenye grupu bila kumuaibisha, unamtumia linki sahihi halafu unanyamaza.

Kitu kingine cha hapa hapa: mswada mmoja unaweza kuwa na pacha wake kwenye nyumba ya pili ya bunge (Seneti au Baraza), maneno yale yale namba tofauti. Ukiona HB yako imekwama kwenye kamati usishangilie wala usilie, fungua sehemu ya "Companions" uone kama SB pacha yake inaendelea. Mara nyingi mmoja unaachwa ufe kwa sababu mwenzake ndiye aliyefika.

Hatua ya 3: Soma "Last Action"

Ni mstari mmoja tu juu ya ukurasa. Hapo kuna maneno matatu yanayochanganya watu. "Engrossed" maana yake nyumba moja tu imepitisha. "Enrolled" maana yake nyumba zote mbili zimekubaliana maandishi, lakini bado si sheria. "Sent to the Governor", bado.

Gavana ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi, ila mswada ukimfikia kikao kinaelekea ukingoni anapewa siku 20 tangu bunge lifungwe, ndiyo maana mwaka 2025 siku ya mwisho ilikuwa Juni 22. Akikaa kimya bila kusaini wala kukataa, unakuwa sheria vile vile. Mfano mzuri ni SB 3, ile ya kupiga marufuku bidhaa za THC, yaani kile kinacholevya kwenye bangi. Ilipita Seneti, ikapita Baraza, watu wenye maduka wakaanza kuhesabu siku, halafu usiku wa Juni 22 saa zikiwa zinaishia gavana akaipiga veto. Wiki nzima kabla ya hapo kila mtu alikuwa anaandika "sheria mpya". Haikuwa sheria.

Hatua ya 4: Inaanza lini

Nyingi zinaanza Septemba 1. Lakini usikisie, shuka mpaka kifungu cha mwisho kabisa cha mswada. Ukikuta inasema inaanza mara moja *ikiwa* itapata theluthi mbili za wabunge wote waliochaguliwa, na isipopata basi Septemba 1, hapo una kazi ya kuhesabu kura: 100 kwenye Baraza, 21 kwenye Seneti. Zimeandikwa chini ya mswada wenyewe. Zikikosekana upande mmoja tu, subiri Septemba. HB 1481 ya simu shuleni ilizipata, ikaanza siku ile ile iliposainiwa, Juni 20, 2025, ila shule zikapewa siku 90 za kuandika utaratibu wao, kwa hivyo mzazi aliyeona mtoto bado anabeba simu siku iliyofuata hakudanganywa na mtu. "Kuanza" kwa sheria na kuiona ikifanya kazi ni vitu viwili. SB 2, ya kuwapa wazazi pesa za shule binafsi, ilisainiwa Mei 3, 2025, lakini mpango wenyewe ni wa mwaka wa shule 2026–27.

Ukikuta "See remarks for effective date" ujue vifungu vinaanza tarehe tofauti tofauti. Pole, itabidi usome wote.

Hatua ya 5: Soma maandishi yenyewe, tena toleo la mwisho

Bonyeza "Text". Utaona matoleo kadhaa, lile lililowasilishwa mwanzo, la kamati, lililopitishwa na nyumba moja, mpaka la mwisho, Enrolled. Jina la faili la mwisho linaishia na herufi F, la mwanzo linaishia na I. Skrinshoti nyingi za kutisha zinazozunguka ni za toleo la I, maana hapo ndipo mbunge anaandika kila anachotamani kabla wenzake hawajampunguza.

Maneno yaliyopigiwa mstari chini ni mapya. Yaliyo kwenye mabano ya mraba na kukatwa katikati yanafutwa. Sasa tafadhali: ukikopi maandishi kutoka PDF ukayabandika WhatsApp au ukayapa ile akili bandia ikutafsirie, ule mkato unapotea na maneno yaliyofutwa yanasomeka kana kwamba ndiyo sheria mpya. Mabano tu ndiyo yanabaki na hakuna anayeyajali. Kama lazima utumie hiyo programu, futa mwenyewe kwanza kila kilicho ndani ya mabano yaliyokatwa, na usiwahi kuiuliza "SB 17 inasema nini" bila kuipa maandishi, itakujibu kwa ujasiri mkubwa kuhusu SB 17 ya mwaka mwingine.

Kwa yule mama, hapa ndipo tulipopata jibu. SB 17 haisemi "wageni". Inahusu watu na kampuni za nchi zinazotajwa kuwa hatari kwenye ripoti ya kila mwaka ya ujasusi ya Marekani, ambazo ni China, Iran, Korea Kaskazini na Urusi, na gavana anaweza kuongeza nyingine. Raia wa Marekani na mwenye green card hawaguswi. Yeye ni Mkongo mwenye green card. Ile sehemu ya gavana kuongeza nchi ndiyo ninayomwambia kila mtu aitie jicho, kwa sababu haitapitia bungeni na hivyo hutapata taarifa ya mswada.

Hatua ya 6: Weka taarifa zije zenyewe

Fungua akaunti ya My TLO hapo hapo kwenye saiti, ni bure, ongeza mswada kwenye orodha yako, washa alati, kila ukisogea unapata imeili. Kuna kampuni zinauza huduma hii kwa pesa nyingi, waachie mawakili. Kama una ndugu Ohio au Kentucky, yeye atumie LegiScan, inafuatilia majimbo yote 50, ila kwa Texas mimi nabaki na saiti ya bunge.

Hatua ya 7: HJR na SJR

Hizi ni za kubadilisha katiba, haziendi kwa gavana, zinaenda kwa wapiga kura. Zilizopita 2025 zilikuwa 17 na zilipigiwa kura Novemba 4. Ukiona HJR "imepita", swali ni kura ni lini.

Ukishamaliza, taarifa kwa grupu naiandika hivi na sikubali nyingine: "SB 17, 89(R), imesainiwa Juni 20, 2025, inaanza Septemba 1, 2025, toleo la F, linki hii." Bunge la 90 linaanza Januari 12, 2027, na miswada yake inaanza kupokelewa Novemba 2026, kwa hivyo hiyo akaunti ifungue kabla ya hapo.